Kitenge cha Majogoo

Ukimtafuta Mama Hélène siku ya soko pale Walikale, usihangaike kuuliza watu. Simama, sikiliza. Kicheko chake huanzia chini, kikapanda, kikakatika, kisha kikaanza upya wakati wenzake wamekwisha kupangusa machozi na kurudi kwenye biashara zao. Wauza samaki wa upande wa pili hucheka pamoja naye bila kujua kilichosemwa. Mume wake, Papa Faustin, mtu wa maneno machache, husema alimposa kwa sababu ya kicheko hicho, na kwamba tangu siku ile hajapata usingizi wa mchana.

Alizaliwa porini, katika kijiji cha nyumba chache, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka mto Lowa. Baba yake alikuwa mtegaji, Mkristo mwema siku ya Jumapili, na siku nyingine mtu wa mila za babu zake, wala hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Mama yake alishinda shambani. Kwa hiyo Hélène alilelewa zaidi na dada yake mkubwa, Vumilia, aliyembeba mgongoni akichota maji, akitwanga, akicheza, hata akipigana na wasichana wenzake. Hélène hudai kwamba ucheshi wake aliupata huko mgongoni, kwa kutikiswa kupita kiasi.

Kazi yake ni mawese. Anayejua mafuta anajua kwamba ugumu wa kazi hauko kwenye moto wala kwenye kinu. Machikichi yanachemshwa, yanatwangwa mpaka nyama yake inalegea, halafu mwanamke anaingiza mikono humo ndani na kutafuta kokwa, moja baada ya nyingine, katikati ya nyuzi na mafuta, bila kuziona. Hélène amefanya hivyo tangu utotoni. Kokwa ikijificha, vidole vyake huifikia kabla hajafikiri, na mafuta yake hayana uchafu. Watu huja kutoka mbali kuyatafuta.

Rafiki yake wa damu ni Mama Kyakimwa, Mnande wa Butembo, mwenye duka la vitenge karibu na barabara ya Bukavu. Walikutana zamani, siku ya mvua kubwa, Hélène alipojibanza barazani pa duka na mafuta yake yakamwagika mlangoni. Kyakimwa alitoka kwa hasira, akateleza, akaketi chini mbele ya wateja wake wote. Hélène alijitahidi kuonyesha huruma, akashindwa, akacheka. Kyakimwa alimtazama, akakitazama kitenge chake kilivyogeuka rangi, naye akaanza kucheka palepale chini alipoketi. Wapo waliosema kwamba urafiki wa mtu wa duka na mtu wa pori haudumu. Baadhi yao wamekwisha kufa, na urafiki bado upo.

Kila sikukuu Kyakimwa huchukua kitenge kimoja na kukikata mara mbili. Wanashonewa libaya, yaani blauzi, za mtindo mmoja na fundi mmoja, na vilemba vya kitambaa hichohicho. Ndivyo marafiki wanavyofanya Kivu, ili mtu akiwaona njiani asiwe na haja ya kuuliza. Lakini siku za kazi kila mmoja ana nguo zake. Kyakimwa huvaa kama mwenye duka, viatu vimefungwa, saa mkononi. Hélène huvaa kitenge kilichofifia chenye madoa ya mawese yasiyosikia sabuni ya aina yoyote.

Na walikuwa wamevaa hivyo, kila mtu kivyake, siku Hélène alipomsindikiza Kyakimwa kwa daktari kwa ajili ya mgongo uliokuwa ukimuuma.

Daktari wa kituo cha afya cha Neema aliitwa Sébastien. Alikuwa kijana bado, mwenye miwani, aliyekuja kutoka mjini na kukaa wakati wengine waliotumwa kabla yake waliona matope wakageuza. Watu walimpenda, tena kwa haki. Wakati wa surua alilala kituoni wiki nzima. Mjukuu wa kwanza wa Hélène alizaliwa mikononi mwake. Angekuwa mtu mbaya, habari hii ingekuwa fupi: tungemsema, tungemsahau, tungeendelea na safari yetu. Ubaya ni kwamba alikuwa mtu mwema.

Aliutazama mgongo wa Kyakimwa, akaandika dawa, halafu akavua miwani.

"Mama Kyakimwa, miaka yako imeshapita arobaini. Mara mbili nilikuambia wende Bukavu bakupime matiti, juu ya kansere. Haukuenda."

"Mara ya kwanza gari ya Papa Eugène ilikuwa inafika na bitenge byangu," Kyakimwa alisema. "Mara ya pili ilikuwa inaondoka."

"Sasa hauna tena neno ya kusema. Mu mwezi wa tatu bamunganga ba Bukavu batakuja hapa kwetu na mashini ya eko, ile inaonyesha ndani ya mwili. Ukuje. Usinikimbie tena."

Kyakimwa aliahidi kwa sauti ya mtu anayetafuta gari la tatu. Hélène, aliyekuwa amekaa kwenye ubao karibu na mlango, alisubiri. Aliona daktari anafunga kalamu yake, anasimama, anawaaga.

"Dokta, na mimi je?" akauliza. "Mimi na huyu tulizaliwa karibu mwaka moya. Na mimi niko nayo, matiti. Mbili, kama yeye."

Sébastien alicheka, wote watatu wakacheka. Kisha akaweka mkono begani kwa Hélène, kwa upole, kama mtoto anavyomshika mama yake.

"Mama, usijisumbue. Ile iko ugonjwa ya bamama ba muji, bale banazala batoto babili na kukula bya mikebe. Weye umezala saba, umenyonyesha bote. Bamama ba pori hamuna ile shida. Enda kwa amani."

Angemtukana, Hélène angejua la kufanya. Alimjibu asante. Alirudi nyumbani akiimba, akamwambia Papa Faustin kwamba daktari amesema watu wa pori hawaugui ugonjwa ule, akawaambia wanakwaya wenzake, nao wakafurahi. Walimpikia Sébastien ndizi na sombe, yaani kisamvu, wakampelekea kituoni kama shukrani. Alikula akasifia. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini Mama Kyakimwa aambiwe mara tatu na wao wasiambiwe hata mara moja.

Miezi ilipita. Siku moja baada ya kukamua mafuta, Hélène aliteremka mtoni kuoga, mikono ikiwa bado na utelezi wa mawese. Alipokuwa akijisugua kifuani, upande wa kushoto, vidole vyake vikasimama vyenyewe. Vilikuwa vimekuta kokwa.

Alirudia. Ilikuwepo. Ndogo, ngumu, haiumi.

Kwanza alijiambia kwamba daktari alikwisha kusema. Mtu aliyesoma, mtu mwema, alisema wao hawana shida ile, basi hii itakuwa kitu kingine, jipu, au maziwa ya zamani yaliyosahau njia. Alikaa na jibu hilo kwa muda. Lakini mikono yake haikukubali. Kila alipooga ilienda palepale, na kila ilipoenda alirudi nyumbani amenyamaza, mpaka Papa Faustin akamwuliza kama ni mgonjwa, kwa sababu siku hizi anaweza kulala mchana.

Ni Kyakimwa aliyeligundua jambo hilo. Alikuja kuchukua mafuta yake, akamkuta rafiki yake amekaa mbele ya kinu bila kucheka. Alikaa karibu naye, akaanza kumsaidia kutoa kokwa, kazi ambayo hajui na ambayo iliharibu kucha zake. Baada ya muda Hélène akauchukua mkono wa Kyakimwa, wenye mafuta vilevile, akauweka kifuani pake.

Kyakimwa aliinuka, akapangusa mikono. Halafu akasema, "Tunaenda kwa dokta. Leo."

Walienda. Sébastien alikuwa ameondoka kwenda vijiji vya mbali kuchanja watoto, na angerudi siku wageni wa Bukavu watakapofika. Muuguzi, Nadine, msichana wa palepale Walikale, aliwapokea vizuri, akasikiliza, uso wake ukabadilika.

"Mama, ungoje ile mashini. Lakini niseme kweli. Bageni batakaa hapa siku kidogo, na mafuta ya jenereta iko kidogo. Batapima bale Dokta Sébastien atabaonyesha."

"Na mimi hatanionyesha," Hélène alisema.

Nadine alifunga daftari la wagonjwa. Alijua, maana yeye ndiye aliyefungua mlango kila mara, na alikuwa amesikia nani anaambiwa nini.

"Utaingia pa nafasi yangu," Kyakimwa alisema walipotoka.

"Hapana. Weye uko unakimbia ile mashini tangu zamani. Nikikupokonya nafasi utashukuru Mungu, na hautapimwa hata siku moya. Ninakujua."

Walienda hivyo barabarani, mmoja akiogopa kutopimwa, mwingine akiogopa kupimwa, na walipofika dukani Kyakimwa alikuwa analia na Hélène ndiye anayembembeleza.

Sasa ije habari ya majogoo. Kila mwaka, mwezi wa tatu, wanawake wa huku hujinunulia kitenge kipya kwa siku yao, tarehe nane, na wenye maduka huleta aina nyingi, kila kundi lichague lake. Mwaka ule barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya bunduki, na ya Butembo ilikuwa imemezwa na mvua. Lori la Papa Eugène lilikwama mara nyingi hata akaapa kuliuza, na lilipofika, robota zote isipokuwa moja zilikuwa zimelowa na kuchuja rangi. Ile moja iliyosalimika ilikuwa ya kitenge cha kijani kibichi, na juu yake majogoo wekundu wakubwa wenye vifua vya mbele, wakiwika. Si kitenge ambacho mtu angekichagua. Kyakimwa alikiona akashika kichwa. Lakini hakukuwa na kingine, na siku ya wanawake haisubiri barabara, basi kila mtu akanunua majogoo: wake za wafanyabiashara, walimu, wanakwaya, wakulima, wauza uyoga, hata mama mkwe wa mkuu wa posta. Fundi Jean-Claude alishona majogoo mpaka akawa anawaona akifumba macho.

Wageni wa Bukavu walifika usiku wa kuamkia sikukuu. Asubuhi uwanja wa kituo ulijaa kijani na nyekundu. Hélène alikuwa amekuja na kwaya yake nzima, maana alikuwa amewaambia wazi kile alichokikuta kifuani, na wao walikuwa wamejishika-shika nyumbani, wakitafuta kama mtu anavyotafuta kokwa, na hakuna aliyetaka kubaki. Waliketi popote palipokuwa na nafasi. Mvua ya usiku ilikuwa imefanya matope hadi magotini, viatu vyote vilikuwa vimeachwa ukutani, na wanawake wote wa Walikale, wa duka na wa pori, walikuwa pekupeku, majogoo tu.

Sébastien alitoka mlangoni akiwa amefurahi. Alikuwa amehangaika sana ili wageni hawa waje. Nyuma yake alisimama daktari mwenzake kutoka Bukavu, mwanamke mfupi wa makamo aitwaye Laetitia, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Bamama, karibuni," Sébastien alisema. "Tutaanza na bale nilibaambia."

Hakuna aliyesimama, kwa sababu walioambiwa walikuwa wanaogopa, kama Kyakimwa, na wasioambiwa hawakutaka kumsaidia kuwatenga. Akaamua kuwachagua mwenyewe. Aliweka miwani sawa. Akatazama kushoto, majogoo. Akatazama kulia, majogoo.

"Weye Mama wa boutiki," akasema hatimaye, akimwonyesha mwanamke mnene wa mstari wa mbele aliyefunga kilemba kwa madaha. "Ingia wa kwanza."

Mwanamke yule alisimama akashukuru. Alikuwa mke wa Gustave mwindaji, muuza uyoga, na hakuwahi kuwa na duka isipokuwa kikapu chake. Kicheko kidogo kikapita uwanjani. Sébastien hakukielewa. Akamgeukia mwingine, mwembamba, aliyechomwa na jua, matope mpaka kwenye mapaja, amekaa chini kwenye majani.

"Na weye Mama, umetoka mbali mu pori, najua. Pumzika pale kwa kivuli, Nadine atakupa chai. Hii haikuhusu."

"Dokta," yule mama akamjibu bila haraka, "mimi niko Kétsia. Wa Butembo. Hizi sosete umevaa, mimi njo nilikuuzisha."

Hapo uwanja ulivunjika. Waliokuwa wamekaa walilala, waliosimama walishikana. Sébastien alitazama soksi zake. Na juu ya sauti zote kikasikika kile kicheko kinachoanzia chini, ambacho soko lilikuwa halijakisikia kwa wiki nyingi, na Kyakimwa aliposikia kimerudi alianza kulia tena, safari hii kwa furaha.

Daktari Laetitia naye alikuwa amecheka, lakini aliacha kabla ya wengine.

"Sébastien, unabachagua namna gani?" akauliza.

Kijana wa watu alifungua mdomo. Swali lilikuwa jepesi, na mbele ya wanawake wote wale akatafuta jibu lake, akaliona, na likamwaibisha. 

Hélène akasimama. Yeye pia alikuwa ameacha kucheka.

"Anatuchagua kwa nguo na kwa kabila, Dokta. Hana roho mubaya. Alinambia sisi ba pori hatuna ile shida, nikaenda kwa amani. Lakini shida haikumusikia." Akaweka mkono kifuani, juu ya kichwa cha jogoo. "Niko na kokwa hapa. Nataka kupimwa."

Laetitia alishuka ngazi, akaingia matopeni na viatu vyake vyeupe, akamshika mkono.

"Hapa tunauliza miaka," aliwaambia wote kwa sauti. "Mwenye amepita arobaini, ao mwenye amegusa kitu, anapimwa. Kama jenereta itazima, tutapima kwa mikono. Weye Mama, tunaanza na weye."

Ndani kulikuwa na giza na baridi ya ile dawa ya utelezi wanayopaka. Kyakimwa alikuwa ameingia bila ruhusa, na Nadine alijifanya hakumwona. Laetitia alipitisha kile chombo kifuani kwa Hélène polepole, macho kwenye kioo, akakirudisha, akakisimamisha. Hakusema uongo. Alisema hii si maji wala si maziwa, alisema hapendi sura yake, na alisema ni ndogo kuliko punje ya haragwe.

"Inatoka?" Hélène aliuliza.

"Inatoka. Umekuja mapema. Ungengoja mwaka moya, ningekuambia maneno ingine."

Halafu Hélène akadai kwamba hatoki chumbani mpaka amwone Kyakimwa amelala pale kitandani, na Kyakimwa, aliyekuwa ameishiwa na magari, akalala. Hakuwa na kitu. Walikumbatiana kwa nguvu hata Laetitia akaomba nafasi ya kufanya kazi.

Sébastien alikuwa nje, chini ya ukingo wa paa. Hélène alimkuta hapo akiwa ameshika miwani mkononi.

"Mama, nilikuambia vibaya," akasema. "Nisamehe. Mwanzo nilikuwa nawaza: Bukavu iko mbali, hawa bamama hawataenda, nibasumbue ya nini. Nikanyamaza. Nilizoea kunyamaza mpaka nikaamini kama kweli hamuugui."

Hélène alimtazama. Alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake. Pia alikumbuka mjukuu wake mikononi mwa mtu huyu.

"Tulikupikia sombe juu ya ile neno," akasema. "Nataka sombe yangu."

Sébastien alitaka kucheka akashindwa, na wakakaa hapo wote wawili wakipangusa macho. Ndani ya kituo walipima majogoo mpaka jenereta ikazima, na baadaye wakaendelea kwa mikono, kesho yake vilevile.

Safari ya Bukavu ilikuwa katika lori la Papa Eugène, ambalo alikuwa hajaliuza. Hélène alikaa dirishani, Kyakimwa kati, na palipokuwa na matope marefu walishuka wote wakasukuma, mgonjwa akiwa ndiye anayetoa amri. Hospitalini muuguzi aliwatazama, kitenge kimoja, kilemba kimoja, akauliza mgonjwa ni nani. "Huyu," wote wawili walijibu, kila mmoja akimwonyesha mwenzake.

Walihakikisha ni kansere, na titi la kushoto likaondolewa. Siku alipojitazama mara ya kwanza Hélène alilia, akalia siku nyingi, hakuna haja ya kuficha. Dawa zilimtoa nywele na kumfanya achukie hata harufu ya mawese. Kyakimwa aliliacha duka kwa watoto wake, akakaa naye, akampikia uji, na nywele zilipoanguka akanyoa za kwake bila kuulizwa. Hélène alipomwona hivyo, kipara kinang'aa, masikio yametokeza, alicheka mpaka mshono ukamwuma.

Alirudi Walikale msimu wa karanga mbichi. Fundi Jean-Claude alimshonea libaya yenye pamba upande mmoja, akamwuliza kwa haya aweke kiasi gani. Alimjibu aweke kwa ukarimu, maana huu ndio wakati wake wa kuchagua. Soko lilimpokea kwa ngoma, na Papa Faustin, mtu wa maneno machache, alicheza mbele ya watu wote, vibaya sana, akasema usingizi wa mchana haumfai kitu.

Kilichobaki ni kimoja, na Hélène hakukisahau. Dada yake Vumilia alikuwa bado huko kijijini, mwendo wa siku nzima, na hakuwa amepimwa na mtu yeyote maishani mwake. Hélène alimtumia habari mara nyingi mpaka akakubali. Alifika jioni, amejitwisha kapu kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, amevaa kaniki kuukuu, harufu ya moshi, na kwa siku mbili alikataa kuvaa kitenge cha majogoo akisema hawezi kutembea na kuku asiyeliwa.

Basi walienda kituoni hivyo, Vumilia kama alivyotoka porini. Njia nzima Hélène alikuwa akiandaa hotuba. Alijua atakavyoanza, alijua wapi atapandisha sauti, na alijua atakapozitaja zile soksi. Kyakimwa alikuwa amekuja kuisikia. Siku ya majogoo ilikuwa nyepesi, wote walifanana. Leo hakuna kilichofanana, na Hélène alitaka kuona.

Sébastien alifungua mlango. Alimtazama Vumilia, miguu yake, kapu lake, kaniki yake. Hélène akavuta pumzi.

"Karibu, Mama," daktari akasema. "Ukae. Uko na miaka ngapi?"

Vumilia alimgeukia mdogo wake kwa mashaka. Kwao hakuna aliyehesabu.

"Nilizaliwa wakati Papa alijenga nyumba ya pili," akasema.

"Na huyu Hélène, alikuwa ameshazaliwa?"

"Huyu?" Vumilia alicheka, na kilikuwa kicheko kilekile, kinaanzia chini na kupanda. "Huyu mimi nilimubeba mugongoni."

"Basi miaka inatosha," Sébastien alisema. "Kila mwaka, Mama, lazima upimwe matiti. Mwaka huu tunaanza leo. Nadine atakusaidia kuvua."

Vumilia akaenda nyuma ya pazia, akiuliza kama mikono ya msichana ni ya baridi. Hélène alibaki amesimama katikati ya chumba na hotuba yake yote, hana pa kuiweka. Alikaa kwenye ule ubao karibu na mlango, akafunika uso kwa ncha ya kitenge, akalia. Kyakimwa alikaa karibu naye, akamshika mkono, wakamsubiri dada yao.